Hali ya Hewa ya Huko

Nyumbani, 12 Mei

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkono wako wa kushoto hausumbui, na magoti bado yanakubali kuinama asubuhi. Sisi hatujambo. Paka naye hajambo, ila amenenepa mpaka anapita mlangoni ubavuubavu. Mama anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tumehama. Kiwanda kimempa Mama nyumba katika mstari wa nyumba za wafanyakazi, juu zaidi mlimani, kwa sababu sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine kutumia mashine za kufuma sweta. Nyumba ina vyumba viwili, na kingine kidogo nyuma ya jiko chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Hicho kidogo hakina kitu. Jirani yetu mwenye watoto wengi amekuja kuomba akipange, Mama akamwambia hakipangishwi. Nilimuuliza tutaweka nini humo. Akasema, "Hewa." Lakini kila Jumamosi anakifagia.

Sababu ya pili ni kazi ya shule. Mwalimu wetu wa jiografia tunamwita Mwalimu Mawingu, kwa sababu akitoka nje hutazama juu kwanza ndipo akusalimu. Ametuambia kwamba kwa upande wa hewa nchi yetu si moja, ni nchi nne zilizoshonwa pamoja, na msafiri asiyejua mishono iko wapi atalowa au atakauka. Basi kila mwanafunzi achague mtu halisi, ampangie safari ya kutoka pembe moja mpaka nyingine: mwezi gani aondoke, apande nini, avae nini. Tuna muda mpaka mwisho wa mwaka.

Ninayekaa naye dawati moja tunamwita Kasuku, maana hurudia kila anachosikia. Yeye amemchagua mchezaji mpira maarufu. Mimi nimekuchagua wewe, Bibi. Utatoka kwenye majaruba ya chumvi, uje mpaka kwetu. Kasuku anasema nimechagua vibaya kwa sababu mchezaji hatakuja na wewe pia hutakuja. Nimemwambia wangu atakuja.

Tafadhali njoo mwezi wa Julai. Ni likizo, ni kiangazi, na barabara ni kavu. Tangu nilipoondoka kwako ni miaka minne, na nimekuwa mrefu kuliko lile doa la ukutani ulilonipimia.

Mjukuu wako akupendaye,
Punje

*

Kwenye chumvi, 2 Juni

Mjukuu wangu Punje,

Marahaba. Barua yako imefika pembe moja imelowa, nyingine imekauka, kwa hiyo nadhani imepita kwenye nchi zote nne za mwalimu wako. Nimeisoma mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa miwani. Mimi ni mzima. Magoti yanakubali ila yanasema.

Msalimu paka. Msalimu Mwalimu Mawingu. Msalimu na huyo Kasuku, mwambie nimemsikia. Hata huyo jirani yenu mwenye watoto wengi, mpe pole yangu.

Sasa, umesema nije kiangazi. Kiangazi hicho ni chako au changu? Kwako ni likizo. Kwangu jua likiwaka ndiyo kazi imeanza. Umesahau? Tunafungulia maji majarubani, jua linayanywa, na sisi tunakokota linachokiacha. Nikiondoka Julai, reki yangu ataishika nani? Msimamizi hana ugomvi na wajukuu, lakini chumvi ikikomaa haingoji mtu arudi kutoka matembezini. Sisi huku tunapumzika mvua ikinyesha, na mvua ikinyesha barabara nazo zinapumzika. Ndivyo ilivyo.

Halafu kuna jingine. Hali ya hewa ya huko si nzuri kwangu. Naomba tuliache hapo.

Usihangaike kunipigia simu. Iliniponyoka ikatumbukia kwenye jaruba, na nilipoitoa ilikuwa imeshaiva. Barua inatosha, na mwandiko wako unapendeza.

Bibi yako

*

Nyumbani, 14 Juni

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Pole kwa simu. Sisi wazima, na Mama anakusalimu sana.

Nimefurahi kwamba umetaja hali ya hewa, kwa sababu hilo ndilo somo lenyewe. Nimelishughulikia vizuri, na Mwalimu Mawingu amenisaidia muda wa mapumziko mpaka chai yake ikapoa.

Kuhusu kazi, nakumbuka ulikuwa ukisema kwamba mkishakokota jaruba na kufungulia maji mapya, kuna siku ambazo hakuna la kufanya ila kulitazama jua likifanya kazi. Siku hizo zikiangukia mwisho wa Agosti unaweza kumwomba msimamizi ruhusa. Mwambie ni kwa ajili ya elimu.

Utaondoka na lori la chumvi alfajiri, kabla ya joto. Vaa gauni jepesi la pamba, na juu yake shali. Ukifika mji wa njia panda utakuwa umeingia nyikani. Huko hakuna unyevu, kuna vumbi, kwa hiyo funga kitambaa puani na unywe maji hata kama huna kiu. Hapo utapanda treni. Mchana utaona joto kama la kwenu, lakini usiifungie shali kwenye begi, kwa sababu jua likizama baridi ya nyika huja ghafla. Mwalimu anasema ardhi isiyo na mawingu ni kama mtu aliyelala bila blanketi.

Asubuhi utaamka kando ya ziwa. Huko mvua hunyesha karibu kila siku mchana, kiangazi na masika, pamoja na radi, halafu inakatika kama mtu aliyefunga bomba. Usidanganyike na jua la asubuhi ukakaa sokoni kutazama samaki. Nenda moja kwa moja kituo cha basi, upande kabla mawingu hayajakusanyika, kwa sababu basi likianza kupanda mlima likiwa kavu, litafika kavu.

Basi linapanda kwa kona. Kila kona utahisi mtu amefungua mlango wa jokofu kidogo zaidi. Ndiyo maana nataka uvae kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Chini unayavua, juu unayavaa. Huku kwetu Agosti asubuhi kuna sakitu, yaani umande ulioganda. Nyasi zote zinakuwa nyeupe, zinametameta. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani nimeamka kwako, kwenye majaruba. Nilitoka nje bila viatu kuhakikisha. Ilikuwa baridi, basi nikarudi ndani.

Hewa ya huku ni nyepesi, utahema kidogo siku za kwanza, halafu mwili unazoea. Jiko letu lina joto zuri na nitakupa blanketi langu zito. Kwa hiyo, Bibi, nimeangalia kila upande na sioni mahali ambapo hali ya hewa inaweza kukudhuru.

Mjukuu wako,
Punje

*

Kwenye chumvi, 9 Julai

Punje wangu,

Marahaba. Ni mzima. Wasalimu wote niliowasalimu mara ya kwanza, na umwongeze huyo aliyefunga bomba huko ziwani.

Mpango wako niliwasomea wenzangu wakati wa kula, tumekaa kwenye kivuli cha lundo la chumvi. Walisikiliza mpaka mwisho bila kutafuna. Tangu siku hiyo hakuna anayeniita kwa jina langu. "Kitunguu, lete reki." "Kitunguu, jaruba lako linavuja." Ahsante sana.

Salamu za mama yako nimezipata. Ajabu ni kwamba tangu nimzae hajawahi kumsalimu mtu "sana". Yeye husema "msalimie", basi, halafu anageukia kazi yake. Naona huko juu watu wanabadilika. Tena hata salamu zake zinafanana na mwandiko wako.

Safari umeipanga vizuri kuliko wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini sitakuja, mwanangu. Hali ya hewa ninayoisema mimi haipimwi kwa kipimajoto.

Soma kwa bidii.

Bibi yako

*

Nyumbani, 25 Julai

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimemwonyesha Mwalimu Mawingu sentensi yako kuhusu kipimajoto. Amefikiri sana. Anasema kama haipimwi kwa kipimajoto, basi huenda unazungumzia unyevu, ambao una chombo chake, au mgandamizo wa hewa, ambao una kingine. Ni kipi kati ya hivyo? Niandikie upesi, kwa sababu Agosti imekaribia na nimeshaanza kulianika blanketi.

Mjukuu wako,
Punje

*

Nyumbani, 21 Septemba

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Ninauliza kweli, siulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Agosti imepita na sikupata jibu lako. Kila siku nilipita posta nikitoka shule, mpaka karani akawa anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Blanketi nimelianika mpaka limebadilika rangi upande mmoja.

Nina jambo la kukueleza, na linaanza na aibu kidogo.

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana ambacho kilikuwa maharage, darasani kulitokea harufu. Kasuku akasimama juu ya dawati akapiga kelele, "Nani kachafua hali ya hewa?" Kila mtu akamwonyesha mwenzake kidole. Mwalimu Mawingu akaingia wakati huohuo, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaenda kufungua madirisha yote. Alipomaliza akasema, "Na hii nayo haipimwi kwa kipimajoto."

Darasa zima lilicheka mpaka wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisikia sentensi yako, Bibi, kwa sauti yako. Nikakumbuka jinsi walimu wanavyosema fulani kachafua hali ya hewa ofisini, na hawamaanishi maharage.

Niliporudi nyumbani nilizitoa barua zako nikazisoma tena. Umemsalimu paka. Umemsalimu Mwalimu, na Kasuku, na jirani ambaye humjui. Umemsalimu hata wa bomba. Mama hukumsalimu hata mara moja. Na yeye hajawahi kukusalimu. Zile salamu nilizitunga mimi, kama ulivyoshajua, kwa sababu mwalimu wa lugha alitufundisha kwamba barua isiyo na salamu za wa nyumbani ni kama chai isiyo na sukari. Naomba radhi.

Kwa hiyo tangu Mei nimekuwa nikijibu swali ambalo hukuuliza.

Nilimsubiri Mama arudi. Alikuwa amekaa karibu na jiko, anavuta nyuzi zilizobaki kwenye mkono wa sweta la shule. Nitakuandikia tulivyosema, neno kwa neno, kwa sababu sitaki kutunga tena.

Nilisema, "Mama, Bibi anasema hali ya hewa ya huku si nzuri kwake."

Akacheka. "Kasema hivyo? Huyo ndiye mama yangu." Halafu akaacha kucheka, akavuta uzi mrefu mpaka ukakatika. "Kasema lini?"

"Juni. Mimi nikampangia nguo."

"Ukampangia nguo."

"Ndiyo. Nikamwambia avae kama kitunguu."

Akajifunika uso kwa lile sweta. Sikujua kama anacheka au vipi. Nikamuuliza mliambiana nini siku ile alipokuja kunichukua. Mimi nilikuwa nimeshapanda kwenye lori, mbele, karibu na dereva. Niliwaona mmesimama mlangoni nyinyi wawili, mikono imening'inia, hakuna anayempungia mwenzake. Miaka yote hii nilidhani mlikuwa mnazungumzia begi langu.

Mama akasema, "Nilimwambia asije mpaka nimwite."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Angelala wapi?"

"Kwa sababu hiyo tu?"

Akavuta uzi mwingine. Paka akaja akakaa juu ya nyuzi, wala hakumfukuza. Akasema, "Na nilikuwa na hasira. Yote mawili, sikudanganyi. Nilipokuja kukuchukua, baada ya miaka yote niliyokuwa huku kiwandani, ulijificha nyuma ya mgongo wake ukaniita 'mgeni'."

Bibi, mimi sikumbuki jambo hilo. Nimejaribu.

Nikasema, "Sasa chumba unacho."

"Ninacho."

"Basi mwite."

"Njia anaijua, umemchorea mwenyewe," akasema, akainuka kwenda kuchochea jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri.

Nimeacha nafasi hapa chini, mistari saba. Nimemwonyesha, nimeweka na kalamu mezani. Barua nitaipeleka posta Ijumaa.

Mjukuu wako,
Punje

 

 

Ni Ijumaa. Samahani kwa nafasi iliyobaki.

*

Kwenye chumvi, 15 Oktoba

Punje wangu,

Marahaba. Ni mzima. Kimya changu cha Agosti hakikuwa ugonjwa. Nilishindwa kukujibu kuhusu vile vyombo vya kupimia. Nilianza barua nne. Ya kwanza ilisema ni unyevu, na nikaona si haki mtoto apoteze alama shuleni kwa ajili yangu.

Ile nafasi nimeiona. Nyeupe safi, kama jaruba lililokomaa. Huyo ni binti wa mama yake, ungenipa mimi kalamu wakati kama ule ningefanya vilevile.

Kwa kuwa umeniandikia neno kwa neno, nami nitakupa langu. Mama yako hakusema peke yake. Alipomaliza kuniambia nisije mpaka aniite, nilimwambia, "Mtoto utamrudisha mwenyewe kabla ya masika." Masika manne yamepita, wala hukurudishwa. Unasoma, umekua, unajua sakitu ni nini. Kwa hiyo nilikosea na nimefurahi kukosea. Lakini kuitwa bado sijaitwa. Sina hasira, Punje. Niliambiwa ningoje, nangoja.

Na hilo la "mgeni" usilibebe. Ulikuwa na miaka kumi, umetoka kuamka, na mama yako alikuwa amevaa kofia ya sufu kwenye jua la huku. Hata mimi nilimuuliza anamtafuta nani.

Huku mawingu yameanza kusogea. Tunakokota kwa haraka ili mvua isitukute na chumvi bado iko chini. Ikinyesha, kazi imekwisha mpaka mwakani.

Bibi yako

*

Nyumbani, 10 Novemba

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kwamba chumvi yote mliiwahi. Barua yako niliisoma jikoni, kwa sauti, Mama akiwa anaosha vyombo. Nilipofika pale pa kofia ya sufu aliangusha kikombe. Hakikuvunjika.

Kazi ya jiografia nimeikusanya. Mwalimu Mawingu amenipa alama nzuri kuliko zote darasani, hata Kasuku amekubali, amerudia mara tatu. Lakini chini ya ukurasa Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mpango mzuri. Msafiri yuko wapi?" Nilitaka kumweleza, nikaona ni hadithi ndefu, nikasema tu kwamba ana kazi.

Sasa nakuomba jambo, Bibi, na nalisema kama mtu aliyesoma: usije sasa. Nilivyokuomba zamani njoo, njoo, leo nasema usije. Mvua imeanza. Huu ni mwezi mbaya kuliko yote kwenye mpango wangu, nimeuzungushia duara jekundu. Lori za chumvi hazitoki. Nyikani mito iliyokuwa mchanga mtupu sasa ina maji mpaka kwenye daraja la treni. Ziwani hainyeshi tena mchana peke yake, inanyesha inavyotaka. Na mlima wetu umeporomoka kona mbili, mabasi yanalala njiani, abiria wanashuka kusukuma kwenye tope. Huku juu ukungu hauondoki. Nguo tunaanika jikoni na hazikauki, zinaiva tu moshi.

Tungoje Januari. Januari kote ni kavu isipokuwa ziwani, na najua kwako ni wakati wa kazi, lakini labda kufikia hapo kila kitu kitakuwa kizuri zaidi. Nina tumaini. Mama anafuma sweta la kijivu kwa mkono wake, siyo kwa mashine. Siyo la shule, maana linafunguka mbele, lina vifungo vikubwa kama sarafu, na mkono wa kushoto ameupanua. Nimemuuliza ni la nani. Akasema, "La hewa."

Kesho yeye ndiye atakayepitisha barua hii posta, kwa sababu mimi nina mtihani asubuhi. Salamu zake sijaziweka. Sizitungi tena.

Mjukuu wako,
Punje

 

Mama,

Shikamoo. Hii nimeifungua posta, nimesimama kwenye foleni, karani ananitazama vibaya. Punje hajui.

Anakwambia usubiri Januari. Nimesoma sababu zake zote na ni za kweli, tope lipo. Lakini Januari utakuwa na kazi, na ukikosa kazi utakuwa na sababu, na mimi pia nitakuwa nayo. Tunafanana.

Chumba kipo. Nilikiomba mwenyewe kiwandani, niliandika kwenye karatasi kwamba tuko watu watatu. Ningekwita siku ileile ya kuhamia, ila kila nikishika kalamu nakuona mlangoni.

Nakuita.

Msalimie Kitunguu.

Binti yako

*

Stesheni ya ziwani, 27 Novemba

Punje,

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni mzima, nimelowa. Barua hii nampa kondakta wa basi lililo mbele yetu, lakini naona huenda mimi nikafika kabla yake. Ikiwa hivyo mtanipa niisome mwenyewe, nitajua nilikuwa naendeleaje.

Mpango wako ninao mkononi na nimeuvunja wote. Lori halikutoka, nimepanda trekta la msimamizi, nimekaa juu ya magunia nimeshika mwavuli wa mtu. Treni ilisimama kabla ya daraja mpaka maji yakapungua, tukacheza karata na mama mmoja anayeuza ndoo, akanifunga kila mchezo. Nyikani, ulikosema kuna vumbi, nimeona vyura. Hapa ziwani nimefika jioni, radi juu, na kituoni wanasema basi litapanda mlima kesho likipenda.

Kimoja tu nimekifuata. Nimevaa kama kitunguu. Lakini nimevaa yote tangu nyumbani, kwa hiyo joto lilinikuta nimeyavaa, mvua imenikuta nimeyavaa, na sasa siwezi kuyavua kwa sababu yameshikana. Yule mama wa ndoo alitaka kujua nimeficha nini. Nikamwambia nimemficha mwanamke mwembamba.

Mwambie Mwalimu Mawingu msafiri yuko njiani. Asitazame juu, atazame barabarani. Mwambie Kasuku arudie hilo.

Mwambie binti yangu nimebeba chumvi, gunia dogo, limelowa kidogo pembeni. Na lile sweta aliweke karibu na jiko. Vifungo nitafunga mwenyewe, ila hicho cha juu naomba anisaidie, mkono haufiki.

Hapa kituoni tumejazana kibandani, kila mtu ananung'unika. Wanailaani mvua, wanalilaani tope, kuna mzee mmoja ameapa kurudi kwao. Ameniuliza mimi naelekea wapi, nikamwambia juu mlimani, kwa binti yangu.

Akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Na hali ya hewa ya huko ikoje?"

Nimemwambia ni nzuri.

Bibi yako